Mama Mchungaji wa Evaton: Charlotte Maxeke na karatasi ya pasi

Zamu yangu ya kuandika imefika, na najua wengi mlitegemea nitawaletea tena Lumumba. Lumumba tutamrudia, hana haraka. Leo nataka kuandika juu ya mama mmoja wa Afrika Kusini ambaye kwa miezi miwili sasa hanitoki kichwani.

Ilianza hivi. Mchana mimi husaidia katika maktaba ya vijana, ile ya mabati karibu na bomba la maji, na kila Alhamisi nakaa na wasichana wa darasa la saba na la nane, tunasoma kwa sauti na kufanya hesabu kidogo. Kuna mmoja wao, sitamtaja jina, ana miaka 18 kwa sababu vita vilimchelewesha shule. Anaimba kwaya. Akianza kuimba, hata watu wa foleni ya maji wananyamaza. Alhamisi moja akaniambia, "Mwalimu, mimi wiki ijayo siji tena." Kumbe ameposwa. Kijana ni mwinjilisti, mwakani anawekewa mikono awe mchungaji. Na mama mkwe mtarajiwa ameshasema: mke wa mchungaji hahitaji hesabu, anahitaji adabu na mkono mzuri wa kupokea wageni.

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, lakini jibu pia sikuwa nalo. Mama yangu mwenyewe ni mke wa mzee wa kanisa, tangu kule Fizi mpaka hapa. Najua kazi zao: kuamka kabla ya watu, kulala baada ya watu, kusikiliza ndoa za watu zikivunjika jikoni kwako, na Jumapili kukaa kiti cha mbele na kutabasamu. Ningemwambia nini yule binti? Eti asiolewe? Kijana mwenyewe namfahamu, ni mtu mzuri.

Katika rafu yetu kuna kitabu cha historia ya Afrika Kusini kimeng'oka jalada. Nilikuwa nakipanga tu, nikaona ukurasa una mistari michache juu ya mwanamke: mwalimu, mwimbaji wa kwaya, mke wa mchungaji. Nikasimama hapo hapo. Nikaanza kumtafuta kwenye simu usiku, saa zile bando linapokuwa rahisi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake la kuzaliwa ni Charlotte Makgomo Mannya. Karatasi nyingi za zamani zimeandika Manye. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Baba yake, John Kgope Mannya, asili yake ni kwa Ramokgopa, kaskazini kabisa mwa Afrika Kusini. Alikuwa msimamizi wa kazi za barabara na pia mhubiri katika kanisa la Presibiteri. Mama yake, Anna Manci, alikuwa Mxhosa wa upande wa Fort Beaufort, na alikuwa mwalimu. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na lugha mbili na Biblia moja. Wengi wetu tunaijua nyumba ya namna hiyo: baba Mbembe, mama Mfuliiru, watoto wanajibu kwa Kiswahili.

Shule alisomea Uitenhage na Port Elizabeth, kwenye shule za misheni. Mwaka 1885 familia ikahamia Kimberley. Kimberley wakati ule ni almasi. Watu wa kila kabila wanamiminika, wazungu wa kila nchi, shimo kubwa katikati ya mji, pesa na pombe na vumbi. Binti akawa mwalimu pale pale. Alifundisha lugha: wazungu wakitaka kujifunza lugha za wenyeji, na Waafrika wanaosimamia wenzao kazini wakitaka Kiingereza cha kutumia. Na jioni aliimba. Hapo ndipo maisha yake yaligeuka.

Mwaka 1891 ikaundwa kwaya ya Waafrika kwenda Uingereza. Charlotte na dada yake mdogo Kate wakachaguliwa. Walizunguka miji ya Uingereza mpaka 1893, na mwaka ule ule wa kwanza wakaimba mbele ya Malkia Victoria mwenyewe. Hapa nisimame kidogo. Onyesho lao lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja walivaa ngozi na mavazi ya "kienyeji" kama wazungu walivyopenda kuona Afrika, sehemu ya pili wakavaa nguo za Kizungu kama walivyovaa kwao Kimberley. Wale walikuwa walimu na watoto wa wahubiri, wengine huenda hizo ngozi walizivalia London kwa mara ya kwanza! Nilicheka peke yangu usiku. Hapa kwetu wageni wakubwa wakija, tunaambiwa mapema tuandae ngoma na vitenge vya kufanana. Miaka yote niliyokaa hapa sijasikia mgeni ameomba mmoja wetu amsomee alichokiandika.

Pesa za safari ile zilileta ugomvi na wasimamizi, kwaya ikarudi imechoka. Kate alibaki nyumbani. Charlotte akakubali safari ya pili, mara hii Marekani na Kanada. Na huko, walipofika Cleveland, katika jimbo la Ohio, aliyewapeleka akawatelekeza. Pesa hakuna, tiketi ya kurudi hakuna, baridi ipo.

Hebu fikirini. Msichana wa ishirini na kitu, nchi ya mbali, aliyempeleka ametoweka. Nina rafiki hapa kambini, mnamfahamu wengi wenu, alitoa akiba ya mama yake kwa mtu aliyesema ana nafasi za masomo Kanada. Mpaka leo yule mtu simu haishiki. Rafiki yangu angalau alitapeliwa akiwa kwao, kama kambi tunaweza kuiita kwao. Charlotte na wenzake walitapeliwa wakiwa ng'ambo ya bahari.

Kilichowaokoa ni kanisa la watu weusi wa Marekani, Kanisa la Methodisti la Kiaskofu la Waafrika, ambalo watu huliita kwa herufi zake tu, AME. Hili kanisa lina historia yake. Lilianzishwa rasmi mwaka 1816 na Richard Allen, mtu aliyezaliwa mtumwa akanunua uhuru wake, baada ya weusi wa Philadelphia kuchoka kubaguliwa hata wakiwa wamepiga magoti kusali. Mchungaji wao pale Cleveland, Reverdy Ransom, aliwapokea vijana hawa, na baadhi yao wakapata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Wilberforce, chuo cha kanisa hilo hilo huko Ohio. Mwalimu mmoja kijana pale alikuwa W.E.B. Du Bois. Ndiyo, yule yule Du Bois wa Umajumui wa Afrika, aliyekuja kufia Accra mwaka 1963. Alifundisha Wilberforce kuanzia 1894 mpaka 1896, na Charlotte alikaa katika darasa lake.

Sasa sikilizeni jambo la barua. Akiwa Marekani, Charlotte alimwandikia dada yake Kate barua kumsimulia kanisa hili, kwamba kuna maaskofu weusi, kuna chuo cha weusi, hakuna mzungu aliyekaa juu yao. Barua ile Kate akamwonyesha mchungaji Mangena Mokone wa Pretoria. Mokone mwaka 1892 alikuwa amejitoa kwa Wamethodisti wazungu kwa sababu wachungaji weusi hawakuhesabiwa sawa na wenzao, akaanzisha kanisa lake, Kanisa la Kiethiopia. Alikuwa na waumini lakini hakuwa na nguvu nyuma yake. Akasoma barua ya binti wa kwaya, akaandika Marekani mwenyewe, na mwaka 1896 kanisa lake likaamua kuungana na AME. Mwaka 1898 askofu Henry Turner akaja Afrika Kusini akapokelewa na maelfu. Mwanzo wa yote ni dada kumwandikia dada yake habari za huko aliko, kama sisi tunavyotumiana ujumbe wa sauti. Serikali za wazungu kule zikaanza kuogopa hayo makanisa kuliko walivyoogopa bunduki.

Mwaka 1901 Charlotte akamaliza, akapata shahada ya sayansi. Anahesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata digrii. Na pale chuoni alikutana na kijana Mxhosa kutoka Middledrift, naye anasomea utumishi, Marshall Maxeke. Wakaoana. Huyo ndiye mchungaji wetu.

Halafu wakarudi.

Nimeandika neno hilo peke yake kwa sababu najua litaleta mjadala. Hapa kambini tunasema "kesi ya fulani imepita", tunamsindikiza mpaka kwenye basi, tunalia, tunapiga picha, na baada ya miezi sita namba yake ya zamani haipo. Sitaki mtu atumie habari ya Charlotte kuwahukumu waliopata ndege. Yeye alikuwa na kwao pa kurudi. Kijiji cha baba yake kilikuwepo. Mimi kijiji chetu nikikitafuta kwenye ramani ya simu naona majani. Lakini angeweza kubaki, hilo lazima lisemwe. Alikuwa na digrii, Kiingereza safi, kanisa lililompenda na waume waliosoma. Akarudi katika nchi ambayo digrii yake haikumpa hata haki ya kutembea barabarani bila kuulizwa karatasi.

Shule ya kwanza aliyofundisha baada ya kurudi ilikuwa Dwaars River, kwa watu wa baba yake, chini ya chifu Ramokgopa. Haikudumu, pesa ziliisha. Wakaenda Idutywa, Transkei, upande wa watu wa Marshall, wakafundisha na kuhubiri. Inasimuliwa kwamba huko Charlotte aliruhusiwa kukaa na kusema katika baraza la mfalme wa Wathembu, jambo ambalo wanawake hawakupewa. Halafu wakaja Evaton, kusini mwa Johannesburg. Evaton ilikuwa mahali pa pekee: Mwafrika aliweza kununua kiwanja kikawa chake. Hapo mwaka 1908 Charlotte na mumewe wakasimamisha shule waliyoipa jina la chuo chao cha Marekani, Wilberforce. Watoto walifundishwa vitabu na kazi za mikono, na walimu wakaandaliwa pale pale.

Shule ya kanisa maskini sote tunaijua ilivyo. Mshahara unachelewa, paa linavuja, mzazi analeta kuku badala ya ada. Mimi napokea posho ya kujitolea, ile tunayoiita insentivu, na mwisho wa mwezi nalalamika. Kwa hiyo sitajifanya naelewa walivyovumilia miaka yote ile. Ninachokiona ni kwamba hawakugawana kazi kwa namna ya mume madhabahuni na mke jikoni. Wote wawili walikuwa walimu. Wote wawili walizungumza mbele ya watu. Mchungaji Marshall hakuonekana kuona aibu kuwa na mke anayejulikana kuliko yeye, na mimi hilo nalihesabu katika uchungaji wake.

Tuje kwenye pasi sasa, kwa maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Pasi ni karatasi. Inasema wewe ni nani, unakaa wapi, umeajiriwa na nani, una ruhusa ya kuwa hapa leo. Ukikutwa huna, unakamatwa. Wazee wa Kenya walikuwa na yao, kipande, ambacho kuanzia mwisho wa vita vile vya kwanza vya dunia kila mwanaume Mwafrika alibeba katika kikopo cha chuma shingoni. Afrika Kusini wanaume waliibeba pasi tangu zamani. Lakini katika jimbo la Orange Free State waliwabebesha na wanawake pia, waliokaa mijini. Mama mfua nguo, ili apeleke nguo alizofua, lazima karatasi, na karatasi ailipie. Polisi anaweza kukusimamisha barabarani umebeba mtoto na beseni, akakuuliza. Walilalamika pia kwamba askari walitumia hiyo nafasi kuwashika wanawake na kuwadhalilisha. Sihitaji kueleza zaidi hapa, dada zetu waliovuka vizuizi vya barabarani wanaelewa.

Mwaka 1912 wanawake wa Free State waliandika ombi, wakakusanya sahihi kwa maelfu, wakatuma wajumbe mpaka Cape Town kwa waziri. Waliahidiwa. Hakuna kilichofanyika. Mwishoni mwa Mei 1913, wanawake wa Waaihoek, mtaa wa weusi wa Bloemfontein, wakaandamana mpaka mjini na kusema hawatabeba tena. Wakachana pasi. Wakakamatwa. Mahakamani wakapewa faini, wakakataa kulipa, wakasema tupelekeni jela. Miji mingine ikafuata, Jagersfontein, Winburg. Jela zikajaa akina mama. Sol Plaatje, mwandishi wa gazeti na katibu wa chama kipya cha Waafrika, alikwenda kuwaona gerezani, akaandika aliyoyaona katika kitabu chake cha mwaka 1916.

Charlotte alikuwa upande huu tangu mwanzo. Alihudhuria mkutano wa Bloemfontein wa Januari 1912, ule uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC, wakati wanawake hawakupokelewa kama wanachama kamili. Jina lake linatajwa na kampeni ya pasi. Lakini niwe mkweli, walioingia jela wengi ni wafua nguo na watumishi wa majumbani ambao majina yao hayakuandikwa popote. Yeye alikuwa na elimu, na elimu yake aliitumia kuwashika wasipotee. Mwaka 1918 ikaundwa Jumuiya ya Wanawake wa Kibantu, na yeye ndiye rais wa kwanza. Mwaka huo huo aliongoza ujumbe wa wanawake kwa waziri mkuu Louis Botha mwenyewe, kuzungumza juu ya pasi. Mama mchungaji, kofia kichwani, Biblia bila shaka mkobani, amekaa mbele ya jenerali wa Makaburu anamweleza kwamba karatasi yake ni dhambi.

Na ikasaidia! Serikali ililegeza kamba. Sheria kubwa ya miji ya mwaka 1923 haikuwabebesha wanawake pasi. Walikuja kuirudisha miaka ya 1950, na tarehe 9 Agosti 1956 wanawake 20,000 wakaandamana mpaka Pretoria. Charlotte alikuwa ameshakufa karibu miaka 17, lakini waliotembea siku ile walipita njia iliyokwisha kukanyagwa.

Mwaka jana niliomba kibali cha kutoka kambini siku tatu kwenda kufuata cheti changu cha kidato cha nne. Nilipanga foleni siku nne kuomba siku tatu. Kibali kilitoka tarehe zilipokuwa zimepita. Nikaulizwa, "Sasa ulikuwa unataka kwenda kufanya nini?" Ofisi siitaji, na aliyeniuliza nadhani naye alikuwa amechoka tu. Nchi iliyotupokea ilitupokea tukiwa na miguu imevimba na sitasahau hilo, wala sifananishi hapa na Afrika Kusini ya wakati ule. Nasema tu kwamba nilipofika kwenye ukurasa wa wanawake wa Waaihoek nilizima simu nikakaa gizani kidogo.

Baada ya hapo familia ilihamia Johannesburg. Marshall akawa mhariri wa gazeti la Umteteli wa Bantu lililoanza mwaka 1920, na Charlotte akaandika humo. Hapa kuna kitu ambacho wanaomsifu hukiruka: gazeti lile lilikuwa la wenye migodi. Walilianzisha kwa pesa zao ili Waafrika wasisome ya wengine yenye moto zaidi. Mume wa mwanamke aliyempinga Botha anakula mshahara wa matajiri wa dhahabu. Mimi nilikasirika kwanza. Halafu nikajiuliza, shati lililo mwilini mwangu sasa hivi lina nembo ya nani kifuani? Wote tunafanya kazi chini ya nembo ya mtu. La muhimu labda ni unachoandika ukiwa humo. Na wakati huo huo Charlotte alionekana kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi, ICU, mwaka 1920, akitaka wanawake wafanyakazi nao wahesabiwe. Alikaa na wafanyakazi, alikaa na wazungu wenye huruma kwenye kamati zao, alikaa na maaskofu. Wakali wa pande zote walimwona ana upole mno.

Mjini alifanya kazi mahakamani, kama afisa wa kuwaangalia vijana na watoto wa Kiafrika walioshitakiwa, mwanamke mweusi wa kwanza katika kazi hiyo. Alifungua pia ofisi ya kuwatafutia Waafrika ajira. Kila siku mbele yake walikuja watoto walioiba mkate, wasichana waliokutwa na pombe, akina mama waliofuata waume kutoka kijijini wakakuta wana nyumba nyingine. Mwaka 1928 Marshall akafariki, akabaki mjane na kazi hiyo.

Mwaka 1930 alisimama Fort Hare, kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo weusi na weupe, akasoma hotuba juu ya hali ya wanawake na wasichana wa Kiafrika. Hiyo hotuba mnaweza kuipata, na mimi naiona ndiyo alama yake kubwa kuliko cheo chochote. Wengi wa wakati ule, hata wachungaji, walisema familia zinavunjika mjini kwa sababu wanawake wameharibika tabia. Yeye akaanza mbali. Ardhi imechukuliwa, kwa hiyo mume anaondoka kwenda kutafuta mshahara. Mke anabaki na watoto, pesa haiji, anamfuata. Mjini hakuna nyumba yake kisheria wala kazi ya heshima. Watoto wanabaki mitaani. Ndipo tunaposhangaa wamekuwa wezi. Aliongea kama mcha Mungu, alitaka Ukristo utende kazi, lakini hakumwekea mzigo mama maskini peke yake. Nimesikia mahubiri mengi hapa kambini juu ya wasichana na tabia zao. Sijasikia hata moja lililoanza na mgao kupunguzwa.

Mwaka huo huo daktari Alfred Xuma, aliyekuja kuiongoza ANC kuanzia 1940, alitoa kijitabu kidogo juu ya maisha yake, akionyesha msichana wa Kiafrika akisomeshwa anaweza kufanya nini. Mwaka 1937 wanawake walipounda Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiafrika walimchagua yeye awaongoze, akiwa mtu mzima tayari. Alifariki Johannesburg tarehe 16 Oktoba 1939. Leo hospitali kubwa ya serikali pale Johannesburg ina jina lake tangu 2008, na jeshi la majini lina nyambizi inaitwa Charlotte Maxeke. Nyambizi! Mwalimu wa shule iliyokosa pesa, jina lake limewekwa kwenye chombo cha vita cha bei ambayo hata siwezi kuikadiria. Sijui nani aliwaza hilo.

Basi. Alhamisi ya wiki ile ile niliwasomea wasichana yote haya, siyo kwa mpangilio huu, nilikuwa narukaruka. Walipenda zaidi habari ya Cleveland na ya kuchana pasi. Yule binti alikuwepo, alikuja kuaga. Akaniomba karatasi niliyoandika, akaikunja, akaondoka nayo.

Nilisikia baadaye kwamba alimsomea mama mkwe wake. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Na huyo Charlotte, wageni wa mume wake nani alikuwa anawapikia?" Binti akajibu, "Mama, labda walikuwa wanapika wote, kwa sababu walisoma wote." Wanasema mama alinyamaza, akageuza ugali.

Alhamisi iliyopita nilimwona mwinjilisti mwenyewe amekaa nje ya maktaba kwenye jiwe, anasoma Biblia yake, anamsubiri mtu. Nikamkaribisha ndani, akasema hapana kaka, wacha amalize kwanza. Tulikuwa kwenye sehemu za kumi, tulichelewa karibu nusu saa. Harusi iko Desemba. Daftari lake la hesabu ameliacha kwangu, limebaki kurasa kumi na moja.